Makaburi Yasiyo na Saruji

Kahemedi kulikuwa na msikiti wa udongo, maduka mawili, gati la mawe la kufungia mitumbwi, na nyumba ambazo hazikufika kumi. Hakukuwa na shule wala zahanati; mgonjwa alibebwa kwa baiskeli mpaka Kombewa. Kwenye ramani ya serikali, kipande kile cha ufuko wa Seme kilikuwa cheupe, hakina jina. Lakini wavuvi wa mbali walipajua, maana ndipo palipopatikana ndoana, chumvi na mahamri ya moto.

Jina lilitokana na Mzee Hemedi, aliyefika zamani za Mwingereza akitokea Mumias, na punda mmoja na mzigo wa vitambaa. Wakati huo ukingo wa ziwa haukutakiwa na mtu. Malale yalikuwa yamewafagia watu, na waliosalia walikuwa wamehamia juu vilimani. Mwenye ardhi, Mzee Oketch, alimwambia, "Kama huogopi mbung'o, jenga. Na ukinifukuzia viboko wasile mtama wangu, utakuwa umenilipa." Wakacheka, wakala ugali sahani moja, na hiyo ndiyo ikawa hati. Hemedi akaoa msichana wa jirani, msichana akasilimu, wakazaa. Waislamu wengine waliotawanyika kule bara, Mnubi aliyetoka jeshini, fundi wa cherehani kutoka Kibos, wajane wawili watatu, wakaja kujenga karibu naye ili wapate wa kuswali nao na wa kuwazika.

Safia alikuwa binti mkubwa wa Hemedi. Alizaliwa pale, akaolewa pale na mvuvi aliyehamia kwa sababu yake, na pale pale akawa mjane. Asubuhi alipika mahamri. Mwanamke wa Kiislamu akifa, yeye ndiye aliyeitwa kumwosha na kumvisha sanda, kazi aliyofundishwa na mama yake. Akishamaliza, wanaume walibeba jeneza, naye akabaki nyumbani na wanawake wenzake, kama ilivyo desturi yao. Makaburi yalikuwa nyuma ya msikiti, uwanja wa nyasi usio na ua. Kila kaburi lilikuwa na mawe mawili, moja kichwani, moja miguuni. Mbuzi walipita, mvua zikapita, mawe mengine yakazama. Hakuna aliyeona haja ya kuyainua.

Rafiki yake mkubwa hakuwa Mwislamu. Alikuwa Dorca, mke wa Joram, na Joram alikuwa mwana wa yule Mzee Oketch. Dorca aliletwa hapo akiwa bibi arusi, karibu na mwaka wa uhuru, akapewa shamba lililopakana na makaburi. Mwaka uleule aliojifungua mwanawe wa kwanza, Walter, surua ilipita ufukoni na kumchukua binti pekee wa Safia, Zeituni, ambaye alikuwa bado ananyonya. Dorca naye akapata jipu kwenye titi, mtoto akawa analia njaa. Safia, kifua kikiwa kimemjaa maziwa yasiyo na mwenyewe, alivuka shamba la njugu, akaketi mlangoni pa Dorca, akasema, "Nipe huyo mtoto." Alimnyonyesha Walter mpaka mama yake akapona. Tangu hapo Dorca akawa anamwita Min Zeituni, yaani mama yake Zeituni, kwa Kijaluo. Watu wengine waliliacha jina hilo kwa kuogopa kumuumiza. Dorca hakuliacha.

Maisha yakaenda hivyo, mpaka samaki walipoyabadilisha. Miaka ya themanini mbuta walijaa ziwani, na malori ya barafu yakaanza kuteremka mpaka majini kutafuta minofu ya kupeleka Ulaya. Ukingo uliokuwa wa mbung'o na viboko ukawa mali. Mzee Oketch alikuwa ameshakufa, na Hemedi pia. Mwaka wa themanini na saba serikali ikaleta wapimaji wa ardhi, na kila mtu akaambiwa asimame kwenye mpaka wake mbele ya kamati ya wazee. Joram alikuwa mmoja wa wazee hao.

Safia hakuogopa sana. Alikuwa na mdogo wake, Badru, mwenye duka la kupanga sokoni Kombewa, mtu wa maneno mazuri, ambaye Ijumaa akija nyumbani ndiye aliyeswalisha. Badru alimwambia, "Dada, mambo haya ni ya wanaume. Niachie mimi. Nitazungumza na Joram." Akaenda, akakaa kwa Joram mchana mzima. Alirudi ameshiba, akasema, "Usiwe na wasiwasi."

Siku ya kamati, watu wote wa Kahemedi walikusanyika nyuma ya msikiti. Ofisa wa ardhi alikuwa kijana aliyeitwa Wasike, mtu wa kutoka Bungoma, amevaa viatu vilivyojaa matope, na hakuonekana kuwa na ubaya na mtu.

"Kipande hiki ni cha nani?" aliuliza.

"Ni malisho ya baba yangu," Joram akasema. "Hawa watu ni jodak."

Kwa Kijaluo, jodak ni wingi wa jadak, mtu aliyekaribishwa kukaa kwenye ardhi ya mwingine. Si tusi likisemwa kwa upole. Siku hiyo halikusemwa kwa upole.

Swaumu, mjane aliyekuwa akilea wajukuu kwenye nyumba ya mwisho, alipayuka, "Jadak gani miaka sitini? Wazee wetu wamelala hapa!"

Wanakamati wakatazamana. Neno hilo lilikuwa zito. Huko Seme, ukitaka kujua boma ni la nani, unauliza nani amezikwa humo. Kaburi linashinda shahidi. Mzee mmoja wa kamati akauliza, "Wamelala wapi? Sisi kwetu kaburi tunaweka simiti, tunaandika jina. Hapa mimi naona nyasi na mawe ya shambani tu."

"Sisi hatujengei," Safia alisema. "Dini yetu inataka kaburi liwe la kawaida. Lakini wapo. Baba yangu yupo, mama yangu yupo, bwana yangu yupo."

"Mama, wewe uliwaona wakizikwa?" Wasike akauliza.

Safia aliwatazama wanawake waliosimama nyuma yake.

"Wanawake hawafuati jeneza," alisema. "Mimi niliwaosha. Walibebwa kuja huku."

"Basi tumwulize mwanamume." Wasike akamgeukia Badru. "Wewe ni mtoto wa Hemedi. Hapa pamezikwa watu?"

Badru alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Alikohoa kidogo.

"Afande, sisi ni watu wa amani," alisema. "Mzee wetu alipewa mahali pa kukaa, tunashukuru. Hapa palikuwa malisho. Wafu wetu tulikuwa tukiwapeleka Kisumu."

Safia alimtazama mdogo wake kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya mgeni. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Alipofiwa na mumewe, Badru ndiye aliyeingia kaburini kumpokea maiti, akarudi na udongo kwenye magoti, naye Safia akaifua kanzu ile kwa mkono wake.

"Badru," alisema. "Baba yuko Kisumu?"

Mnubi na wanaume wengine walipotaka kusema, mzee mmoja wa kamati akawakata: mwana wa Hemedi ameshawasemea wote.

Hapo ndipo Dorca aliposimama. Alikuwa ameketi na wanawake wa upande wa mumewe, chini ya kivuli cha ukuta. Alisimama taratibu, akajifunga leso vizuri kiunoni.

"Mimi niliona," alisema. "Shamba langu ni hili hapa. Kila wakileta mtu, mimi naacha kulima, nasimama na jembe langu mpaka wamalize. Hemedi yuko pale karibu na ule mti wa miiba. Bibi yake yuko kando yake."

"Dorca, kaa chini," Joram alisema.

"Bwana wa Min Zeituni yuko hapa." Aliendelea kutembea huku akionyesha kwa kidole. "Na mtoto yuko hapa, hapa miguuni kwangu. Baba yake alimbeba peke yake, amefungwa nguo nyeupe, anatembea kama mtu amebeba yai. Nilikuwa na mimba kubwa ya Walter. Nitasahau namna gani?"

"Nimesema kaa chini!"

"Nikikaa watatoka?"

Watu wengine walicheka, kisha wakaona haya. Mzee wa kamati akasema kwamba mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe juu ya ardhi ya mumewe, na wenzake wakaitikia. Lakini Wasike alikuwa bado anatazama nyasi pale miguuni pa Dorca.

"Sikilizeni," alisema. "Mmoja anasema ndiyo, mmoja anasema hapana. Mimi siwezi kuandika maneno ya hewa. Mama huyu anajua mahali. Tuchimbe mahali pamoja tu. Tukikuta mtu, nitaandika kwamba ni makaburi, na nyumba hizi zitakuwa na haki yao. Tusipokuta, tumefunga."

Joram alimtazama Badru haraka. Badru akasema, "Afande, hiyo haiwezekani. Dini yetu hairuhusu kufukua maiti."

"Si umesema hakuna maiti?"

"Nasema kama wapo."

Hata wanakamati walicheka hapo. Badru akapangusa uso kwa kofia yake. Wasike akamgeukia Safia. "Mama, naona uamuzi ni wako. Mtoto ni wako. Ukikubali, tunaanza sasa hivi. Nendeni mkazungumze."

Watu wa Kahemedi wakajitenga kando ya msikiti. Maalimu wao alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na hapakuwa na wa kumwuliza ila Badru, aliyesimama upande wa pili na Joram. Swaumu alimshika Safia mikono yote miwili.

"Kubali, dada yangu," alisema. "Mungu anajua ni shida. Watoto wa binti yangu watalala wapi? Yule mtoto amekuwa udongo zamani. Hataumia."

"Nilimvisha sanda mimi mwenyewe," Safia alisema.

"Najua."

"Ningekuwa mimi ndiye nimelala pale, ningesema chimbeni hata kwa meno. Lakini yeye siwezi kumwuliza."

"Basi wachimbe kaburi la mzee!"

"Baba yangu, mbele ya Joram? Wasimame juu yake wakihesabu mbavu?"

"Safia, sisi tuko hai," Swaumu alisema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Sisi ndio tuko hai!"

Safia alikaa chini, mgongo kwenye ukuta wa msikiti, akajifunika uso kwa mtandio. Alijua kwamba Swaumu alisema kweli. Alijua pia kwamba Badru, aliyekula kwake na kulelewa naye, alikuwa amejua tangu mwanzo atakachojibu, na ndiyo maana alikuja amevaa kanzu ya pasi. Hilo lilimkera kuliko uongo wenyewe. Kwa kitambo alitamani kukubali ili tu amwone Badru akitetemeka. Alisimama. Alikwenda mpaka alipokuwa Dorca, akatazama jembe ambalo mtu alikuwa ameshaliazima kutoka shambani.

"Hapana," alimwambia Wasike. "Hakuna jembe litakalomvua mwanangu sanda."

Wasike alingoja kidogo, labda akitumaini atabadili neno. Kisha akaandika kipande chote kwa jina la Joram.

Wapimaji walipoondoka, Swaumu alipita mbele ya Safia, akasema bila kusimama, "Umewapa wafu nyumba zetu." Hawakuzungumza tena. Kabla ya mvua za mwaka uliofuata, Kahemedi ilikwisha. Mabati ya msikiti yalishushwa, kuta zikayeyuka zenyewe. Mnubi akaenda Kibos kwa nduguze. Swaumu akaenda Awasi na wajukuu, akapanga kwa mtu. Na karibu na barabara ya Kombewa, kwenye ploti iliyokuwa ya Joram, Badru alianza kujenga duka la mawe lenye vyumba vya kupangisha nyuma. Hapo ndipo kila mtu alipojua maneno aliyoyazungumza na Joram mchana ule yalikuwa nini.

Badru alimtumia Safia ujumbe kwamba chumba chake kiko tayari. Safia akajibu kwamba ana pa kwenda. Alikwenda Kisumu, akapata chumba Kaloleni, kwenye nyumba zile za zamani za baraza la mji, kwa Waislamu waliomjua mama yake. Hapo akakaanga bhajia mlangoni. Mwanamke akifa mtaani walimwita, naye akaenda kumwosha, kama zamani.

Dorca alilipa pia. Joram hakumpiga. Alioa mke wa pili, msichana, akampa shamba la njugu, na akaacha kuzungumza na Dorca kabisa. Alipita mlangoni pake kila siku kana kwamba nyumba haina mtu. Wanawake wa ukoo wakamwita jadak kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Lakini hakuondoka. Alisema, "Niende wapi? Nami nitazikwa huku huku, wapende wasipende."

Mwaka wa tisini na nne Joram aliuza ufuko kwa tajiri mmoja wa samaki kutoka mjini, aliyetaka kujenga ghala la barafu. Wiki chache baadaye Dorca alifika Kaloleni akiwa na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. Safia alimwekea kigoda, akamtilia chai. Dorca hakuigusa chai.

"Min Zeituni," alisema. "Wameanza kuchimba msingi."

Safia aliendelea kugeuza bhajia mafutani. Baada ya muda akauliza, "Wamekuta?"

"Wamekuta."

"Wakafanya nini?"

"Vibarua waliogopa. Wakatupa majembe, wakakaa. Msimamizi akaja akasema ni mifupa ya ng'ombe, atakayekataa kazi aende nyumbani. Wakarudi. Mchanga wote ulipakiwa kwenye lori, wakaumwaga pale gatini, wajaze barabara ya malori. Nilienda kulia pale, wakanifukuza."

Mafuta yalikuwa yanaungua. Safia aliinama akavuta kuni nje.

"Ilikuwa mikubwa," aliuliza, "au midogo?"

Dorca alimtazama, kisha akatazama barabara. Alikuwa mwanamke asiyejua kusema uongo, na siku hiyo hakujaribu. Alinyamaza tu, mpaka Safia akasema, "Haya. Kunywa chai, Mama Walter."

Kesho yake Safia alikwenda Kombewa. Hakuwa amekanyaga huko tangu alipohama. Duka la Badru lilikuwa limejaa watu, siku ya soko, naye alikuwa nyuma ya kaunta akipima sukari, ndevu zimeshaingia mvi. Alipomwona dada yake uso wake uling'aa, na hilo Safia hakulitegemea. Badru alikuwa amemkumbuka kweli.

"Dada! Karibu, karibu. Ondokeni hapo, mpisheni dada yangu."

"Siketi," Safia alisema. "Nimekuja kukupa habari za baba. Amepatikana. Hakuwa Kisumu. Yuko chini ya magurudumu ya lori, kwenye barabara ya samaki, pamoja na mama, na shemeji yako, na Zeituni."

Badru aliweka kijiko cha sukari chini.

"Wale wangetunyang'anya tu," alisema polepole. "Kamati ilikuwa yao. Ungeshinda siku ile, wangerudi mwaka wa pili na wakili. Mimi niliona heri kipatikane kitu kuliko tukose vyote. Wanangu wamesoma kwa duka hili. Na wewe chumba chako kipo mpaka leo, sijampangisha mtu."

"Ungeniambia hivyo, Badru. Ungekuja kwangu ukasema, dada, tumeshindwa, tuchukue kidogo. Ningelia, lakini ningekufuata. Wewe ulisimama juu ya kaburi la baba ukasema hayupo."

Badru alianza kulia palepale kaunta, mtu mzima, mbele ya watu waliokuja kununua sabuni. "Nitafanya khitma," alisema. "Nitachinja. Tutawasomea wote, tuwaombee. Nitaalika watu mpaka wa Mumias. Niambie siku, dada, nitafanya siku unayotaka."

"Fanya siku yoyote," Safia alisema. "Mimi usiniwekee sahani."

Akatoka. Alirudi Kisumu jioni ileile, na kwa muda mrefu baadaye, mtu akimtajia mdogo wake, alisema tu, "Ana duka kubwa," akahamia mazungumzo mengine.

Khitma ilifanyika. Badru alichinja fahali, akaalika mashehe, akakodi maturubai na viti. Swaumu alikuja kutoka Awasi na wajukuu zake, maana chakula ni chakula. Dorca hakualikwa. Joram alialikwa, na kwa kuwa alikuwa jirani wa zamani na mwana wa rafiki wa marehemu, aliketishwa mbele. Qur'ani ilisomwa kuanzia asubuhi, kisha pilau ikaletwa kwenye sinia. Joram alikula vizuri. Alipomaliza kunawa aliomba nafasi ya kusema maneno mawili, akasimama, akasema kwamba Mzee Hemedi alikuwa mtu mwema, kwamba yeye na baba yake, Oketch, walikula sahani moja, na kwamba ni vyema watoto wawakumbuke wazazi wao namna hii, si kama vijana wa siku hizi.

Wageni waliitikia. Wengi wao walisema, walipokuwa wakitawanyika, kwamba ilikuwa shughuli nzuri, na kwamba hawakuwa wamewahi kuona wazee wakiheshimiwa hivyo.